Kukaa Kimya: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yale yale. Nianzie wapi? Mbona nikifumba macho ndipo akili inapozidi kupiga kelele? Nimeona mwanga wa buluu, huko ndiko kuamka kiroho kwenyewe? Na lile ambalo wengi huniuliza kwa sauti ya chini: nikikaa kimya peke yangu chumbani, si nitakuwa nayaalika majini? Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi sana, na majibu hayabadiliki. Nimeona niyaweke pamoja, hatua kwa hatua, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kukaa hata dakika tano.

Kwanza tuelewane jambo moja. Waliotafuta kwa njia hii ni wengi, na hawakuwa wakitafuta kitu kimoja. Sufi, Mwislamu anayefuata njia ya ndani ya moyo, anataka nafsi yake ipotee mbele ya Mola wake, hali wanayoiita fanaa. Mtawa wa Kikristo aliyejitenga katika jangwa la Misri karne ya 4 alitaka moyo safi ili amwone Mungu. Buddha hakuijenga njia yake juu ya Mungu muumba. Alifundisha namna mateso yanavyozaliwa na namna yanavyokoma. Mimi siamini kwamba njia zote ni moja, wala huhitaji kuamini hivyo ili uutumie mwongozo huu. Lakini somo la siku ya kwanza linafanana mno kote huko: shika kitu kimoja, akili itakiacha, irudishe. Ni hilo tu utakalojifunza hapa.

Vitu vya kuwa navyo

Mahali. Pembe moja ya chumba inatosha, ila iwe ile ile kila siku. Kama mnalala wanne chumba kimoja, amka kabla yao, au tumia msikiti au kanisa lililo karibu katika saa ambazo halina watu. Usikae kitandani, kwa sababu mwili unakijua kitanda kwa kazi moja tu.

Kikalio. Mkeka au jamvi, na juu yake mto mgumu au blanketi lililokunjwa mara kadhaa. Mwenye magoti mabovu atumie kiti cha mbao kisicho na mto. Hakuna ubora wowote katika kukunja miguu.

Saa. Simu inafaa, iwe katika hali ya ndege, imegeuzwa kifudifudi, na mlio wake uwe mpole.

Daftari dogo na kalamu.

Tasbihi, ukipenda. Waislamu wana ile ya punje 33 au 99, Wakatoliki wana rozari, watawa wa Kiorthodoksi wana uzi wa mafundo, mara nyingi 100, na Wahindu na Wabudha wana mala ya punje 108. Zote zinasaidia mkono uwe na kazi wakati moyo unafanya ya kwake.

Ubani, mafuta, mishumaa, muziki wa maji yanayotiririka, mawe ya rangi: hivyo si sharti. Ubani unanukia vizuri na mimi huuchoma, lakini asubuhi ambayo umekwisha, kazi ni ile ile.

Chagua nanga moja

Nanga ni kitu ambacho akili itafungwa kwacho. Chagua kabla hujakaa, kisha ushikamane nacho kwa miezi mitatu bila kukibadilisha.

Ikiwa wewe ni Mwislamu, nanga yako umeshapewa. Baada ya sala tayari unasema Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar hadi itimie mia. Anza na hizo hizo, ila sasa zisemwe taratibu huku kila neno ukilisikia, tofauti na ile mbio ya kuwahi kuvaa viatu. Istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, nayo inafaa sana kwa anayeanza. Pwani yetu ina hazina kubwa ya nyiradi, yaani maneno ya kumtaja Mungu yanayokaririwa kwa mpangilio: Ratibu ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyefariki 1720, na nyiradi za Qadiriya, tarika (njia ya Kisufi) inayomfuata Sheikh Abdulqadir al-Jilani wa Baghdad, aliyefariki 1166, ambayo huku kwetu ilienezwa kwa nguvu na Sheikh Uways wa Barawa hadi alipouawa 1909. Uradi wa tarika unapokelewa kwa sheikh, kwa ijaza, yaani idhini yake. Usijipangie mwenyewe jina moja kulitaja mara elfu kumi usiku kucha kwa sababu umeona karatasi mahali.

Ikiwa wewe ni Mkristo, kuna sala fupi waliyoishika watawa wa Mlima Athos huko Ugiriki, na ambayo mtawa Gregory Palamas aliitetea katika karne ya 14 dhidi ya waliowacheka: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Nusu ya kwanza kwa kuvuta pumzi, nusu ya pili kwa kuitoa, polepole. Ikiwa ni ndefu kwako, chukua mstari ambao mtawa John Cassian aliupokea kwa watawa wa Misri, wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima."

Kama huna dini, au unataka kuanza bila maneno, pumzi yako iwe ndiyo nanga. Wafuasi wa Zen, tawi moja la Ubudha, humwanzisha mgeni hivi: hesabu kila unapotoa pumzi, moja hadi kumi, kisha urudi moja. Ukijikuta kwenye kumi na nne, ujue ulikuwa umeshaondoka.

Hatua kwa hatua

1. Funga wakati, usingoje hamu. Alfajiri ni bora, baada ya sala na kabla ya chai, maana nyumba bado imetulia na simu haijaanza kuita. Asiyeweza alfajiri achukue jioni kabla ya chakula. Ukishashiba ugali au wali hutakaa, utasinzia.

2. Kaa. Kiuno kiwe juu kidogo kuliko magoti. Hiyo ndiyo kazi ya mto. Mgongo uwe wima bila kukakamaa, kidevu kiingie ndani kidogo, mikono ipumzike mapajani. Kwenye kiti, nyayo zote mbili ziguse sakafu na mgongo usiegemee. Macho yafumbe, au yaache nusu wazi yakitazama chini hatua moja mbele yako. Mwenye kusinzia haraka ayaache nusu wazi.

3. Tia nia. Sentensi moja, kimoyomoyo: kwa dakika kumi hizi nakaa kwa ajili ya hili tu. Mwenye kumkusudia Mungu amtaje.

4. Vuta pumzi tatu ndefu, kisha iachie pumzi iende yenyewe. Usiiongoze wala kuibana.

5. Anza nanga yako. Kama ni maneno, yataje kwa ulimi polepole kwa siku za mwanzo, hata kwa mnong'ono. Wanaqshibandi, watu wa tarika nyingine ya Kisufi, wana zikri (kumtaja Mungu) ya siri, ya moyoni bila ulimi kutikisika, lakini anayeanza akinyamaza mapema mno hupotea bila kujua. Kama ni pumzi, chagua sehemu moja unapoisikia, puani au tumboni, na ubaki hapo.

6. Utapotea. Nataka tukae kidogo kwenye hatua hii, kwa sababu ndipo wengi wanapoacha. Ndani ya sekunde chache, labda kabla hujafika nne, utakuwa unafikiria kodi ya nyumba. Kisha aliyekukopa. Kisha maneno ambayo ungemwambia, na wewe tayari unamwambia, naye anajibu, mnagombana, na damu inachemka ilhali umekaa peke yako kwenye jamvi saa kumi na moja alfajiri. Halafu, ghafla, unagundua. Papo hapo unapogundua kwamba ulikuwa umeondoka, hapo ndipo penye thamani. Hukufanya lolote kupata mgutuko ule, umekujia. Wanaoanza huuchukua kama ushahidi kwamba wameshindwa, na wanajichapa: akili yangu mbovu, mimi sifai. Ndugu yangu, mwenye akili isiyozurura asingekuwa na haja ya kukaa.

7. Rudi. Bila kujikaripia, bila kuchunguza wazo lilitoka wapi, bila kulimalizia. Hesabu ianze moja. Neno lianze mwanzo. Ukirudi mara hamsini katika dakika kumi, umefanya kazi mara hamsini.

8. Saa ikilia, usikurupuke. Kaa dakika moja bila nanga yoyote. Sikiliza jogoo, bodaboda, fagio la jirani uani. Ukiwa na dua, omba hapa. Kisha inuka taratibu.

9. Andika mstari mmoja: tarehe, dakika, na neno la kweli. "Usingizi." "Nilimkasirikia dada." "Shwari kidogo mwishoni." Usiandike falsafa. Baada ya miezi miwili daftari litakwambia mambo ambayo kumbukumbu imeyapamba.

10. Ongeza pole pole. Wiki mbili za kwanza dakika 10, si zaidi hata ukijisikia vizuri. Kisha 15. Ukifika mwezi wa tatu, 20. Zaidi ya nusu saa kwa siku, tafuta kwanza mtu aliyekutangulia.

Makosa ninayoyaona kila siku

La kwanza ni kukimbiza hali. Mtu ameona mwanga siku ya tano, na siku zote zilizobaki anaungoja urudi. Mwanga, joto mgongoni, mwili kuwa mwepesi, machozi, ni vitu vinavyotokea mtu anapotulia. Viache vipite bila kuvipa kiti. Yohana wa Msalaba, mtawa wa Hispania aliyefariki 1591, aliwaonya wanaosali wasishikilie maono hata kama yanaonekana ya kheri. Mwalimu mwenzake Teresa wa Avila alipokutana na watawa wake waliodhoofika wakidhani ni Mungu amewanyakua kiroho, aliagiza wapunguziwe sala, wale vizuri na walale. Nauona ushauri huo ni wa mtu aliyejua kazi yake.

La pili ni kupumua kwa nguvu na haraka ili "kitu kitokee". Kitatokea kweli: kizunguzungu, vidole kufa ganzi, midomo kuwasha, hata kuzimia. Sababu yake ni kwamba umetoa hewa ya kaboni dioksidi nyingi mwilini kuliko kawaida. Hayo ni mambo ya damu. Zikri ya halaka, yaani ya duara la watu, ya sauti na kuyumba pamoja, ina mpangilio wake na khalifa, kiongozi wa tarika, anayeiongoza, anayejua pa kupandisha na pa kushusha. Usiiigize peke yako chumbani.

La tatu, kuchanganya. Leo pumzi, kesho mantra (neno la kukariri la Wahindu na Wabudha), keshokutwa jina la tatu ulilolisikia kwa rafiki. Mshika mbili moja humponyoka, na mshika tano sijui atabaki na nini.

La nne, kufunga na kukesha kwa pamoja ukiwa peke yako. Itikafu, kujitenga kwa ibada, ina msikiti na watu, mafungo ya Kikristo yana msimamizi. Ukijifungia siku saba bila chakula wala usingizi, utaona mambo, na hutajua yametoka wapi.

La tano ni kulipa ili "ufunguliwe". Nilimpa mtu mmoja mshahara wangu wa mwezi kwa ahadi kwamba atanifungua jicho la tatu kwa kunigusa kipaji cha uso. Ilikuwa miaka mingi iliyopita na bado inaniuma nikikumbuka, kwa sababu nyumbani walikula dagaa mwezi mzima kwa ajili ya hilo. Kumpa mwalimu sadaka ni jambo jema. Anayekuwekea bei ya kuamka, ondoka kwake.

Ukikwama

*Nasinzia.* Mwanafunzi wa Buddha aitwaye Moggallana alikuwa na tatizo hili hili, naye akapewa orodha ambayo naitumia hadi leo: badilisha unachokizingatia, kariri kwa sauti yale uliyojifunza, vuta masikio na usugue mikono na miguu, inuka unawe macho kwa maji na utazame nyota, ijaze akili mwanga, tembea kwenda na kurudi, na ikishindikana yote, lala kwa ubavu wa kulia ukiwa umeshaweka nia ya saa ya kuamka. Mimi naongeza moja: ukisinzia kila siku kwa wiki nzima, hulali vya kutosha. Rekebisha usiku.

*Miguu inakufa ganzi.* Ongeza urefu wa mto, au hamia kwenye kiti. Maumivu makali ya goti yasivumiliwe. Badilisha mkao taratibu na uendelee.

*Nachoka, naona muda hauendi.* Evagrius, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki 399, alimwita huyu pepo wa adhuhuri. Anamjia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane, na hizo ni saa kama tunavyozihesabu sisi, kuanzia jua kuchomoza. Mtawa anaona siku ina saa hamsini, anachungulia dirishani kama kuna mgeni anakuja, anakichukia chumba chake, anakumbuka nduguze, anapanga kuhamia mahali pengine ambako kusali kungekuwa rahisi. Dawa yao ilikuwa moja: usiondoke chumbani. Nawe ukiona mkono unaelekea kwenye simu dakika ya sita, mtambue mgeni, kaa mpaka kumi. Teresa mwenyewe aliungama kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akitega sikio saa igonge ili amalize.

*Nalia bila sababu.* Sababu ipo, ilikuwa imefunikwa na shughuli. Lia, endelea na nanga, na siku hiyo zungumza na mtu unayemwamini. Kama ni msiba au jeraha la zamani na linazidi kila unapokaa, punguza hadi dakika tano macho wazi, au badilisha kukaa kwa kutembea taratibu uani, ukihesabu hatua.

*Nasikia sauti, siwezi kulala, naogopa.* Acha. Fungua macho, simama, gusa ukuta, kunywa maji, kula, kaa na watu. Usirudi kukaa mpaka umeonana na daktari. Kama umewahi kuugua ugonjwa wa akili, au unatumia dawa zake, zungumza na daktari kabla hujaanza, na dawa usiziache kwa sababu mtu amekwambia sala inatosha. Hakuna mwalimu wa kweli anayekwambia hivyo.

*Na majini?* Mwenye kuliuliza hili ana imani, na imani yake ndiyo ina jibu lake. Mwislamu aanze kwa bismillahi na audhu, asome Ayatul Kursiyyu, kisha akae na zikri. Kumtaja Mola si kufungua mlango wa mwingine. Mkristo aanze kwa sala yake. Wanaosema kwamba akili inaachwa tupu na kitu kingine kinaingia hawajakaa, maana ungekaa ungejua kwamba akili haiwi tupu. Ina nanga, na ina kodi ya nyumba.

*Miezi mitatu, sijaona chochote.* Sona alikuwa mtawa aliyejitahidi hadi nyayo zikatoka damu, akakata tamaa. Buddha, akijua kwamba zamani alikuwa mpigaji wa kinanda cha nyuzi, alimuuliza: nyuzi zikikazwa mno, kinalia? Hapana. Zikilegea mno? Hapana. Basi tazama daftari lako. Kama kila mstari unasema "nimejitahidi sana", legeza: pumzisha taya, pumzisha mabega, punguza dakika. Kama unaruka siku tatu kwa wiki, kaza.

Teresa alitumia mfano wa bustani. Mwanzoni maji yanachotwa kisimani kwa ndoo, na mikono inauma. Baadaye kuna gurudumu la kuvutia maji, baadaye mfereji, na mwisho mvua, ambayo mtunza bustani haileti. Wewe uko kwenye ndoo. Chota.

Na usitafute mabadiliko kwenye jamvi, yatafute mchana. Kondakta amekupigia kelele, na kabla hujajibu ukasikia pumzi yako. Mtoto kamwaga uji, na mkono haukuinuka. Babu yangu kule Tanga alikuwa akibaki juu ya msala hadi jua lichomoze, na sisi watoto tuliambiwa tusipite mbele yake, anavuta uradi. Sikumsikia hata siku moja akisimulia kwamba ameona kitu. Lakini nyumba ile ya watu kumi na wanne, ugomvi wowote ulipelekwa kwake, na watu walianza kushusha sauti wakiwa bado mlangoni.

*Nitajuaje mwalimu wa kunifaa?* Uliza alifundishwa na nani, na huyo naye na nani. Sheikh atakutajia silsila yake, mnyororo wa walimu wake, bila kukasirika, na mtawa atakutajia nyumba yake ya utawa. Uliza walio naye kwa miaka kumi wanaishije na wake zao, waume zao na madeni yao. Ukitaka kujifunza pumzi kwa Wabudha, huna haja ya kwenda Asia: kuna hekalu Upanga, Dar es Salaam, ambalo asili yake ni jumuiya ya watu wa Sri Lanka, na kuna kituo Entebbe kilichoanzishwa 2005 na mtawa Mganda. Nenda mara tatu bila kuahidi chochote, kaa nyuma, tazama wanavyomtendea anayefagia.